Alama Ambayo Bi Geti Aliiamini

"Hivi wewe mwenzangu, unalea watoto au unanunua mbuzi mnadani?"

Swali hilo Bi Geti aliulizwa asubuhi moja na jirani yetu wa chumba cha pili, yule tunayemwita Redio kwa sababu hakuna habari iliyowahi kumpita ikaenda kulala. Bi Geti alikuwa amepiga goti mlangoni kwake, amemshika mtoto kidevu, anamtazama ulimi. Masikio alishayamaliza, kiganja alishakipitisha shingoni na mgongoni, na sasa alikuwa anapandisha mkono wa fulana ili aone bega. Mama wa mtoto amesimama na mfuko wake wa kazini, anatupa macho barabarani, maana king'ora cha kiwanda hakimsubiri mtu.

"Mbuzi akiumwa unamchinja," Bi Geti alijibu bila kuinua kichwa. "Sasa wewe niambie, mtoto akiumwa unamfanya nini?"

Redio akacheka, na sisi tuliokuwa tunafua pale uani tukacheka. Mtoto akaonyesha bega, alama ikaonekana, akapita. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kazi.

Bi Geti si jina alilopewa na wazazi wake. Walimpa akina mama wa kiwanda cha magunia, wakisema hata geti la kiwandani halina ukaguzi kama wa kwake. Yeye mwenyewe alifanya kazi kiwandani humo miaka mingi, upande wa kukata, mpaka vumbi la nyuzi lilipomwingia kifuani akawa hawezi kupanda ngazi bila kukaa katikati. Alipoacha, wenzake walimwomba awatazamie watoto. Mume alishatangulia mbele za haki. Chumba alikuwa nacho, subira alikuwa nayo, na kwa Mungu alikuwa anaomba kazi isiyo na vumbi. Akaona ameshajibiwa.

Chumba chenyewe kilikuwa safi kuliko vyote pale. Chini alitandika magunia yaliyofuliwa na kushonwa pamoja, ukutani alipigilia misumari ya kutundika vikoba vya watoto, na kila kikombe alikifunga uzi wa rangi yake kwenye mkono, ili mwenye uzi mwekundu asinywee cha mwenye uzi wa kijani. Mtoto mwenye upele hapokelewi. Mwenye kuhara hapokelewi. Na asiye na alama ya chanjo begani huyo hata mlango hausogelei, mama yake alie asilie.

Sheria hiyo ya alama ilikuwa na asili yake. Kwao walizaliwa wengi, na mwaka alioanza darasa la kwanza surua iliingia nyumbani ikaondoka na wadogo zake wawili, mapacha, mmoja asubuhi na mwenzake kabla udongo wa kaburi la kwanza haujakauka. Alikuwa akituhadithia huku anamenya viazi, kwa sauti ile ile ya kuhadithia mambo mengine, ila kisu kilikuwa kinasimama. Baadaye walikuja watu wa afya wakawachoma sindano watoto wote waliobaki. Yeye akatoka na kovu begani, dogo la mviringo, limebonyea katikati. Tangu hapo surua haikurudi kwao. Mtoto wa darasa la kwanza akajumlisha anavyojua: penye kovu, surua haiingii.

Na lugha yetu ikamsaidia kukosea. Chanjo ni kuchanja, na kilichochanjwa huacha kovu. "Mpapai ukiuchanja unaona alama," alikuwa akisema, "sembuse ngozi ya mtoto." Zile sindano nyingine za kliniki aliziita sindano tu, za homa au za nguvu, za kumnenepesha mtoto. Akimwuliza mzazi "amechanjwa?" alikuwa anauliza kovu, na mzazi akijibu "amechanjwa" alikuwa anamwonyesha kovu. Wakaelewana hivyo miaka na miaka, wote wamefurahi.

Binti yake wa pekee alikuwa anafanya kazi za nyumbani kwa watu, mji mwingine. Alirudi siku moja na kichanga mgongoni, miezi michache tu, baba yake hatajwi. Bi Geti hakuuliza maswali ya kumchoma mtu. Alimpokea mtoto, akampandisha mkono wa nguo.

"Amechanjwa, mama," binti akasema.

"Nimeona."

Yule binti alikaa wiki moja, kisha kazi ikamwita. Siku ya kuondoka alisimama uani na mkoba wake, tunamsikia wote. "Mama, sina kingine duniani. Nakuachia huyu akiwa mzima, nami nitakuja kumchukua nikipata chumba changu."

"Utamkuta mzima, mwanangu. Mungu akipenda."

Mtoto akakua pale. Tulimwita Kasuku, maana neno ukilitamka linakurudia. Redio akikohoa, naye anakohoa. Bi Geti akisema "tubariki na chakula hiki," Kasuku anasema "hiki, hiki, hiki" mpaka uji unapoa. Kliniki Bi Geti hakumpeleka tena, si kwa uvivu wala ubishi. Mtoto alikuwa mnene, hana ugonjwa, na bega lake lina alama. Aende kutafuta nini?

Kasuku alipokuwa anaingia miaka mitatu, tulianza kusikia surua iko mitaa ya ng'ambo ya reli. Watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba, wawili, wamebeba kile kisanduku cha baridi cha dawa, jua limewachoma, viatu vimejaa vumbi. Walipofika kwa Bi Geti aliwapa viti na maji ya kunywa. Kisha akawapanga watoto wote mstari, mikono juu.

"Hapa kwangu wote wamechanjwa," akasema. "Msipoteze dawa. Wapelekeeni wale ambao hawajapata."

Mmoja wao akauliza, "Wote wamepata ya surua, mama?"

"Wote. Asiye na chanjo mimi simpokei. Waulize hawa."

Redio akadakia kutoka dirishani, "Huyo akikwambia wamechanjwa, wewe andika. Huyo ni uhamiaji."

Wakacheka, wakamshukuru, wakaandika chaki mlangoni kwamba nyumba imeshapitiwa, wakaenda. Bi Geti alisimama akawatazama mpaka walipokata kona, ameridhika kama mtu aliyegawa sadaka.

Wiki chache mbele, Mshona Mifuniko alimleta mwanawe asubuhi kama kawaida. Huyu mama ndiye aliyekuwa akishona midomo ya magunia kiwandani, mikono myepesi, maneno machache. Mgongoni alikuwa na mdogo wake yule mtoto, kichanga cha miezi minne, ambaye alikuwa akienda naye kazini kwa kuwa bado ananyonya. Mkubwa alikuwa na kamasi, anakohoa kikohozi kikavu, macho mekundu yanatoa machozi.

"Huyu vipi?" Bi Geti akauliza.

"Mafua tu, Bi. Vumbi la barabara."

Bi Geti akamgusa shingo. Hana joto. Akatazama macho tena, akasita. Nilimwona akisita. Kisha akapandisha mkono wa fulana, kovu hilo hapo, zuri, la mviringo. Akashusha pumzi.

"Pita, baba. Kakae mbali na wenzako kidogo."

Mtoto wa umri ule hajui mbali ni wapi. Mchana walikuwa wamelala wote gunia moja, Kasuku amemkumbatia kama kaka yake.

Siku iliyofuata yule mtoto hakuja. Tukasikia ametoka upele, umeanzia nyuma ya masikio ukashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni. Redio alileta habari hiyo na neno lake kabisa: surua. Bi Geti akakataa. "Ana alama," alisema. "Labda ni upele wa joto." Alisema hivyo kwa watu, lakini jioni niliposimama naye kwenye bomba la maji, ndoo yake ilijaa ikamwagika na yeye hakuiona.

Wiki mbili hazijatimia, Kasuku akaamka na homa. Alikohoa, akakataa uji, macho yakamfunga kwa uchafu mzito wa manjano. Siku ya nne upele ukatoka.

Hapo ndipo Redio alipokuja, na sitamsema vibaya, maana alikuja kwa moyo mweupe. Alikuja na kikombe cha maji ya majani aliyoyakamua mwenyewe.

"Usimpeleke zahanati, dada yangu. Surua ikiwa inatoka, mtoto akichomwa sindano inarudi ndani. Ikirudi ndani imemaliza. Mwache itoke yote. Mfunike apate joto, asioge, na haya mtie machoni, mama yangu alitutia sisi."

"Na nyie mlipona?"

"Si unaniona?"

Bi Geti alikumbuka wadogo zake, akaona surua ikirudi ndani ya mtoto, akaogopa sindano kuliko homa. Akafunga dirisha. Akamfunika mtoto blanketi mbili. Akamtia yale maji machoni, Kasuku akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu mtoto alikuwa anahema haraka, mbavu zinabonyea kila pumzi, mdomo umejaa vidonda hata maji hayapiti. Bi Geti alimsemesha jina lake, naye hakurudia neno.

Akatoka naye mbio na kile kifua chake kibovu. Mimi nilimfuata nimebeba viatu vyake, maana alitoka pekupeku.

Nesi wa zahanati alituona tungali uani, akatuzuia kwa mkono tusiingie penye foleni ya wajawazito na watoto. Akatupitisha nyuma, chumba cha peke yake, madirisha wazi. Alimtazama Kasuku, akahesabu pumzi zake, akamfungua macho kwa kidole kitaratibu. Uso wake ukabadilika.

"Machoni mlimtia nini?"

Bi Geti akamwambia.

"Chanjo ya surua alipata?"

"Alipata. Alama hii hapa." Akapandisha mkono wa nguo kama alivyofanya maelfu ya mara.

Nesi alitazama bega, kisha akamtazama Bi Geti. Hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia.

"Mama, hii ni ya kifua kikuu. Hii wanapata wakizaliwa. Ya surua wanachomwa wakifika miezi tisa, na wanarudia tena wakipita mwaka na nusu hivi. Hiyo haiachi alama yoyote. Ukimtazama mtoto huwezi kujua. Utajua kwa kadi, au kwa kumwuliza mama yake kwa jina, surua, surua, alichomwa?"

Bi Geti akauliza, polepole, "Haiachi alama hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikaona mkono wake bado umeshika ile nguo ya mtoto juu ya bega, hauachii.

Kasuku alipewa matone ya vitamini mdomoni, yale ya kuokoa macho, na ya pili akaandikiwa kesho yake. Nesi akasema angeletwa siku ya kwanza ya macho mekundu angepewa mapema, na hakuna sindano inayorudisha surua ndani. Kinachoua ni mapafu kuharibika na mwili kukauka maji mtu akiwa amefungiwa ndani ya blanketi. Gari la kumpeleka hospitali kubwa likaitwa. Wakati tunalisubiri, nesi akauliza swali lingine.

"Nyumbani kuna watoto wengine?"

"Nalea watoto wa watu," Bi Geti akasema. "Nimekaa nao mpaka juzi."

"Wenye alama kama hii?"

"Wote."

"Waletwe leo. Wakiwahi kuchomwa mapema baada ya kukaa na mgonjwa, sindano inaweza kuutangulia ugonjwa. Wengine watakuwa wamechelewa, lakini hatuwezi kuwajua kwa kuwatazama. Leo, mama, si kesho."

Bi Geti aligawanyika pale mbele yangu. Gari lilikuwa linakuja kumchukua mjukuu wake, na kiwanda kilikuwa karibu kutoa zamu. Aliniwekea Kasuku mapajani. "Nenda naye, mdogo wangu," aliniambia. "Mimi nakuja nyuma. Akifumbua mdomo mpe maji kwa kijiko, hata kama anayatema." Kisha akaondoka.

Ya getini nilihadithiwa na Redio, aliyekuwa ameshafika huko na habari. Akina mama walitoka wamejaa nyuzi vichwani, wakamkuta Bi Geti ameshika nguzo, anatafuta pumzi.

"Leo umekuja kutukagua na sisi?" mmoja akamtania. "Subiri nitoe ulimi."

"Sikilizeni," akasema. "Ile alama si ya surua."

"Alama gani?"

"Ya begani. Ninayoitazama kila siku. Si ya surua. Nimewadanganya bila kujua. Kama mtoto wako hukumpeleka alipofika miezi tisa, hana kinga. Kasuku anayo surua, nimekaa nayo humo ndani pamoja na watoto wenu. Nesi anasubiri. Nendeni sasa hivi."

Mama mmoja mwenye mapacha akamsogelea. "Ina maana miaka yote hii unatufunua watoto nguo, ulikuwa unatazama nini?"

"Kovu," Bi Geti akajibu.

"Kovu. Halafu watu wa sindano walikuja mpaka mlangoni, ukawafukuza."

"Niliwaambia waende kwa wengine. Kweli."

Yule mama alinyanyua mkono, Redio akadhani anampiga, lakini alikuwa anavua aproni. Akaitupa chini akakimbia kwenda kuchukua watoto wake. Wengine wakamfuata. Waliokuwa na hakika kwamba watoto wao walichomwa sindano zote walikwenda hivyo hivyo kuuliza. Zahanati ilifungwa giza limeingia. Katika watoto wale wote, waliougua baadaye walikuwa watatu, na wote watatu walipona, Mungu ashukuriwe.

Mmoja tu hakuweza kupelekwa kuchomwa, maana umri haujafika. Kile kichanga cha Mshona Mifuniko. Kilishapata surua kutoka kwa kaka yake, ndani ya chumba kimoja, kitanda kimoja. Mtoto wa miezi minne kinga yake ni watu wanaomzunguka, na waliomzunguka tulikuwa sisi. Alifariki mgongoni kwa mama yake, njiani kwenda hospitali. Mama hakujua mpaka alipomshusha kumnyonyesha.

Siku ya mazishi Bi Geti alitoka hospitalini akaja, akakaa mwisho kabisa, nyuma ya watu. Tulipokuwa tunatawanyika, Mshona Mifuniko akamfuata. Tukajiandaa kuwaachanisha.

"Asubuhi ile," akasema, "mwanangu alikuwa anawaka moto. Nilimpa dawa ya homa, nikakaa naye mpaka akapoa, ndipo nikamleta. Nilijua utamgusa shingo."

Bi Geti akatazama kiganja chake.

"Ningebaki nyumbani wangeweka mtu mwingine kwenye cherehani yangu," akasema. "Basi."

Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi methali hiyo nilikuwa naijua tangu shuleni, lakini siku ile sikuthubutu kuitamka. Wale wawili walikaa chini pale pale penye udongo mpya.

Kasuku alikaa hospitalini muda mrefu, katika wodi iliyotengwa. Pumzi zilirudi. Vidonda vya mdomo vilikauka, akaanza kunywa maziwa, kisha uji, akawa mwembamba kama ufito. Macho yalipofunguliwa, jicho la kushoto lilikuwa jeupe lote kama ganda la yai. La kulia lilibakiwa na mwanga tu, anajua mchana na usiku. Daktari alisema ni surua pamoja na yale maji ya majani. Redio aliposikia alijifungia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hasimulii habari za mtu. Jina limebaki, sauti imeondoka.

Walirudi nyumbani. Watoto wengine hawaletwi tena, wawili watatu tu, na Bi Geti hawapandishi mikono ya nguo. Anauliza, "Surua mara ngapi?" na mzazi akisitasita anamwambia aende zahanati kwanza. Sasa hana haraka na mtu. Siku nzima anamtembeza Kasuku, amemshika kidole: huu ukuta, hiki kitanda, hapa kuna kizingiti, nyanyua mguu. Kasuku anarudia. "Ukuta. Kitanda. Nyanyua." Mara nyingine anaangusha kitu, anauliza kwa nini taa haijawashwa.

Binti alikuja juzi. Alikuwa amepata chumba, kama alivyoahidi. Anakaa na mwenzake, wote wanatoka asubuhi kwenda kazini. Aliingia na gauni jipya la mtoto kwenye karatasi. Kasuku akageuza uso kuelekea sauti, si kuelekea yeye, na yule binti akaelewa yote ambayo barua tuliyomwandikia haikuweza kumwambia.

"Mama, nilikuachia mtoto mzima."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mzima kabisa."

"Kabisa."

Bi Geti hakumtaja Redio, wala nesi, wala watu wa chaki, wala Mshona Mifuniko. Binti alilia mpaka akachoka, kisha akaanza kukunja vinguo vya Kasuku, kimoja kimoja, kuviweka mkobani. Akasema wataondoka na basi la asubuhi. Bi Geti alikaa kitandani, mikono mapajani, anatazama mkoba unavyojaa. Choo chetu kiko ng'ambo ya ua, kuna mfereji wa maji machafu unaopita katikati, na ng'ambo ya mfereji ngazi mbili zisizo na ukingo.

"Naomba uniachie mpaka ajue kwenda chooni mwenyewe," akasema.